Paul Preuss na ugomvi wa misumari: mpanda miamba aliyekataa kusaidiwa na chuma

Habari za Paul Preuss mara nyingi husimuliwa kwa ufupi mno. Alikuwa kijana wa Austria aliyepanda miamba mirefu bila kamba na kuwapinga waliopigilia misumari ya chuma ukutani. Tarehe 3 Oktoba 1913 alianguka akafa, akiwa na miaka 27. Anayesikia hivyo hutikisa kichwa na kusema kijana alijitakia, na mjadala unaishia hapo.

Mimi naona mjadala ndipo unapoanzia. Preuss hakuwa mtu wa kuchezea maisha. Katika kizazi chake ni wachache walioandika kuhusu usalama kwa makini kama yeye, na aliuweka juu ya kila kitu. Alichobishania na wenzake ni chanzo cha usalama huo: je, unatoka kwenye vifaa alivyobeba mpandaji, au unatoka ndani ya mpandaji mwenyewe? Swali hilo lilizua malumbano makali kwenye magazeti ya wapanda milima wa Ujerumani na Austria mwaka 1911 na 1912. Kwa Kijerumani yaliitwa ugomvi wa misumari ya ukutani, na mpaka leo hayajafungwa. Ili kuyaelewa ni lazima kwanza tujue watu wa wakati ule walikuwa wanapanda nini, na kwa vifaa gani.

Wengi wetu tunapotaja kupanda mlima tunafikiria Kilimanjaro: unatembea siku kadhaa, hewa inapungua, baridi inakutafuna, lakini mpaka kilele cha Uhuru unafika kwa miguu. Kupanda miamba ni jambo jingine. Mlima Kenya unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Lenana, yenye mita 4,985, unaifikia kwa kutembea. Batian na Nelion, ambazo ziko juu yake kwa takriban mita 200 tu, zimesimama kama kuta, na bila mikono, kamba na ujuzi hufiki. Milima aliyoipanda Preuss mingi ilikuwa ya aina hiyo ya pili: minara na kuta za chokaa katika Dolomiti na Brenta, ambazo leo ziko Italia lakini wakati ule zilikuwa kwenye milki ya Austria au mpakani mwake, pamoja na safu ya Kaiser huko Tirol na milima ya nyumbani kwao Altaussee.

Sasa vifaa. Kamba ilikuwa ya katani, nzito, ikilowa inakakamaa, na ilifungwa moja kwa moja kiunoni. Mkanda maalumu wa kushika mapaja na nyonga haukuwapo, wala kamba inayonyumbuka kama za siku hizi. Aliyetangulia alipanda, na mwenzake akabaki chini akishika kamba kwa mikono au kwa kuizungushia begani. Hapa ndipo msomaji wa leo anapopotea, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kamba ni usalama. Hebu tupige hesabu. Aliyetangulia amepanda mita 10 juu ya mwenzake na hakuna kitu chochote kati yao kilichoshika kamba. Akiteleza, ataanguka mita 10 mpaka usawa wa mwenzake, kisha mita 10 nyingine chini yake kabla kamba haijakaza. Mita 20 za kuanguka, halafu mshtuko wote unapokelewa na kiuno chake, na kamba ya katani, na mikono ya mtu aliyesimama kwenye ukingo mwembamba. Kamba ilikatika, au mwenzake aliburutwa naye. Ndiyo maana kanuni kuu ya enzi hizo ilikuwa kwamba aliyetangulia haanguki, basi. Kamba ilimlinda anayefuata, ambaye alishikiliwa kutoka juu. Aliyetangulia alikuwa peke yake hata kama amefungwa.

Karibu na mwaka 1910 mambo yakabadilika haraka. Hans Fiechtl wa Tirol alitengeneza msumari bora wa mwambani, kipande kimoja cha chuma chenye tundu kichwani, ambao ungeweza kupigiliwa kwenye ufa wa jiwe ukashika sawasawa. Otto Herzog wa Munich akachukua karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa springi iliyotumiwa na wazima moto, akaileta mwambani. Ukiunganisha viwili hivyo, aliyetangulia anaweza kupigilia msumari, kuweka karabina, kupitisha kamba yake humo na kuendelea. Akianguka mita mbili juu ya msumari, ataanguka mita nne tu, ikiwa msumari utashika. Lakini chuma kilekile kina kazi ya pili. Unaweza kuning'inia juu yake ukapumzika, kukikanyaga kama ngazi, au kujivuta kwa kamba kupita mahali ambapo vidole vyako visingepita kamwe. Kazi ya kwanza ni kinga, ya pili ni msaada. Ugomvi wote ulitokana na ukweli kwamba msumari mmoja unafanya kazi zote mbili, na hakuna anayeweza kuchora mstari katikati kwa usahihi.

Preuss hakuzaliwa na mwili wa kishujaa. Alizaliwa Altaussee tarehe 19 Agosti 1886, mtoto wa mwalimu wa muziki mwenye asili ya Kiyahudi kutoka Hungaria. Utotoni alishikwa na ugonjwa uliofanana na polio, ukamlemaza kwa muda, na alirudisha nguvu zake polepole kwa mazoezi na kutembea milimani. Baba yake alimfundisha kupenda mimea ya milimani, kisha akafariki mtoto akiwa na miaka 10. Mapenzi hayo ya mimea hayakuisha: Preuss alisomea fiziolojia ya mimea, Vienna na Munich, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari. Nalitaja hili kwa sababu namna yake ya kubishana ni ya mtu wa maabara. Hapigi kelele. Anataja kanuni, anaonyesha inakoelekea, kisha anamuuliza mpinzani atasimamia wapi.

Kwa jumla hukadiriwa kwamba alipanda mara 1,200, karibu mara 300 akiwa peke yake, na takriban njia 150 zilikuwa hazijapandwa na mtu yeyote kabla yake. Alikuwa pia mtelezaji theluji hodari na mzungumzaji aliyealikwa miji mingi kutoa mihadhara ya picha.

Julai 1911 ndio mwezi uliomtoa gizani. Kwanza aliupanda peke yake ukuta wa magharibi wa Totenkirchl kwenye safu ya Kaiser, chini ya saa tatu. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa miaka mitatu kabla na Tita Piaz, kiongozi mashuhuri wa wapandaji kutoka bonde la Fassa, ambaye watu walimwita shetani wa Dolomiti. Siku chache baadaye, tarehe 28 Julai, akaenda Campanile Basso.

Mnara huo wa Brenta unahitaji kuelezwa kidogo. Una urefu wa karibu mita 2,880 kutoka usawa wa bahari na umesimama wima pande zote kama kidole. Mwaka 1897 Carlo Garbari na wenzake wawili, Nino Pooli na Antonio Tavernaro, walifika karibu kabisa na kilele wakashindwa na mita chache za mwisho. Waliacha chupa yenye karatasi iliyomtakia bahati njema zaidi atakayefika hapo baadaye. Miaka miwili baadaye Otto Ampferer na Karl Berger wa Innsbruck waliikuta chupa hiyo, wakatafuta njia upande mwingine, wakafika juu. Preuss alipokwenda alikuwa na dada yake Mina na rafiki yake Paul Relly. Chini ya ukuta wa mashariki, ambao haukuwa umepandwa na mtu, aliwaomba wenzake wasubiri kwenye ukingo. Akaupanda peke yake, bila kamba na bila kuwahi kuujaribu, zaidi ya mita 100 za jiwe lililosimama wima huku upande mmoja pakiwa na uwazi wa mamia ya mita. Hata leo wapandaji wenye vifaa kamili huuheshimu ukuta huo.

Mwezi uliofuata, Agosti 1911, gazeti la wapanda milima la Deutsche Alpenzeitung lilichapa makala yake kuhusu misaada ya bandia milimani. Moto ukawaka.

Hoja yake ya msingi ilikuwa hivi. Kupanda kuna maana kwa sababu jiwe lina ugumu wake na mtu ana uwezo wake, na viwili hivyo vinapimana. Ukiongeza chuma, umeubadilisha ugumu wa jiwe, na unachopima si uwezo wako tena. Na ukishakubali msumari mmoja mahali pagumu, kwa hoja gani utakataa wa pili, au wa ishirini? Mfano ulikuwepo tayari. Mwaka 1906 Piaz alikuwa ameufikia mnara wa De Amicis karibu na Misurina kwa kurusha kamba yenye kipande cha risasi kutoka kilele jirani, kisha kuvuka hewani akining'inia kwenye kamba hiyo. Watu walishangilia ujanja wake. Preuss aliona swali: je, mnara huo umepandwa?

Baadaye alizikusanya fikra zake katika kanuni sita, ambazo ndizo kiini cha yote. Nazieleza kwa maneno yangu. Ya kwanza inasema haitoshi mpandaji kuwa na uwezo ulio sawa tu na ugumu wa njia anayoiendea. Lazima awe juu yake kwa uwezo. Ya pili ndiyo nzito: kipimo cha juu cha unachoruhusiwa kupanda ni kile unachoweza kukishuka bila kamba, kwa utulivu wa moyo. Ya tatu na ya nne zinahusu chuma. Misaada ya bandia ni halali tu hatari inapokuwa imekukabili uso kwa uso, na msumari ni akiba ya dharura, haupaswi kuwa msingi wa namna yako ya kupanda. Ya tano inasema kamba inaweza kurahisisha, lakini isiwe ndiyo pekee inayowezesha jambo. Ya sita inauweka usalama miongoni mwa kanuni za juu kabisa, na kufafanua kwamba ni usalama unaotokana na mtu kujipima kwa haki, uwezo wake dhidi ya hamu yake, kuliko ule wa kuufunika udhaifu wake kwa vifaa.

Nirudi kwenye ya pili, kwa sababu wanaomwita Preuss mwendawazimu huwa hawajaisoma. Mkwezi wa minazi anaielewa bila kufundishwa: aliyekwea kwa mikono na miguu yake atashuka kwa hiyohiyo, na kama hana uhakika wa kushuka hana biashara ya kukwea. Kushuka mwamba ni kugumu kuliko kuupanda. Macho hayaoni panapokanyagwa, uzito unakuvuta, na mguu unatafuta kijiukingo usichokijua. Kwa hiyo mtu anayeifuata kanuni hii kwa uaminifu anajizuia kupanda njia nyingi ambazo kwa kupanda tu angeziweza. Inamlazimisha awe na akiba kubwa. Inampa pia njia ya kurudi wakati wowote, jambo ambalo msumari haukuhakikishii, kwa maana anayepanda kwa kutegemea chuma akikosa ufa wa kupigilia amekwama. Kanuni ya aina hiyo ni ngumu na inachukia kubahatisha.

Wapinzani wake nao hawakuwa watu wadogo, na hoja zao zina uzito. Piaz alijibu akiwa mtu mwenye umri zaidi na kazi ya kuongoza watu mwambani. Kwake, uhai wa mtu hauwezi kuwekwa chini ya kanuni ya uzuri wa upandaji. Kama kipande cha chuma kinaweza kumrudisha kijana nyumbani, apigilie. Jiwe huvunjika mkononi mwa hodari pia, na mvua ya mawe haimuulizi mtu kama amejipima vizuri. Franz Nieberl wa Kufstein, mwalimu wa upandaji aliyeheshimiwa sana, alikubaliana na Preuss kwamba chuma kisitumiwe ovyo, lakini akakataa kukipiga marufuku: atumie anayehitaji, kwa kiasi, na yule asiyehitaji asimhukumu mwenzake.

Jibu kali zaidi lilitolewa kwa vitendo. Hans Dülfer, mwanafunzi wa Munich na rafiki wa Preuss, alikuwa ameibuni namna ya kushuka kwa kamba iliyozungushwa pajani na begani ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mwezi Juni 1912, pamoja na Werner Schaarschmidt, aliupanda ukuta wa mashariki wa Fleischbank, mlima wa safu ya Kaiser, uliodhaniwa hauwezekani, kwa kupigilia misumari michache na kuvuka sehemu laini akiwa ameegemea kamba iliyokazwa. Bila chuma ukuta ule usingepandwa na mtu wa wakati ule, na tangu siku hiyo njia zote kubwa za kizazi kilichofuata zilielekea upande wa Dülfer.

Nafikiri kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Piaz alikuwa anauliza namna ya kumrudisha mtu salama ambaye tayari yuko ukutani. Dülfer alikuwa anauliza mipaka ya yanayowezekana iko wapi. Preuss alikuwa anauliza nani anastahili kuanza kupanda ukuta fulani, na lini. Ukishatenganisha maswali haya, ukali wa malumbano unapungua, na inakuwa rahisi kuelewa kwa nini watu hawa waliendelea kuheshimiana.

Agosti 1912 Preuss alishuhudia kwa macho yake jambo ambalo lingeweza kuwa ushahidi kwenye kesi yake, ingawa kwake lilikuwa msiba tu. Alikuwa upande wa Italia wa Mont Blanc pamoja na Humphrey Owen Jones, mkemia wa Wales aliyefundisha Cambridge, na mke wake Muriel, naye mkemia. Walikuwa wamefunga ndoa wiki mbili tu kabla. Tarehe 15 walikuwa wanapanda Mont Rouge de Peuterey. Preuss alikuwa mbele peke yake, hakufungwa. Nyuma yake walifuata watatu kwenye kamba moja: kiongozi wao Julius Truffer, kisha bwana na bibi Jones. Jiwe alilolishika Truffer likang'oka. Akamwangukia Jones, na kamba ikawavuta wote watatu. Preuss aliwaona wakipita na kuanguka mpaka kwenye barafu chini, na hakuwa na la kufanya. Hakuna msumari uliokuwa umeshika kamba ile mahali popote. Mtetezi wa chuma angesema hapo ndipo msumari mmoja ungewaokoa, na angekuwa na haki. Preuss angesema kamba isiyo na msingi inaua watatu badala ya mmoja, naye angekuwa na haki pia.

Mwaka mmoja baadaye ilikuwa zamu yake. Alikwenda peke yake kwenye safu ya Gosau, si mbali na nyumbani, kupanda mgongo wa kaskazini wa Mandlkogel ambao haukuwa umepandwa. Alianguka zaidi ya mita 300. Hakuna aliyeona. Theluji ilifunika, na mwili haukupatikana mpaka baada ya siku kadhaa. Alizikwa Altaussee.

Wengi wanachukua kifo hicho kuwa hukumu dhidi ya kanuni zake. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa hatujui kilichomwangusha. Jiwe linalovunjika humwangusha yeyote, na kama ni hivyo basi Piaz alikuwa ameliona tatizo sawasawa: kujipima kwa haki hakukupi habari za jiwe bovu. Pengo hilo limo ndani ya kanuni ya sita, na ninaona Preuss hakulijibu kikamilifu. Lakini kutoka hapo mpaka kusema fikra zake zote zilianguka pamoja naye ni kuruka hatua nyingi. Dülfer aliuawa vitani karibu na Arras mwezi Juni 1915, na Piaz alifariki mwaka 1948 baada ya ajali ya baiskeli. Hakuna anayetumia vifo hivyo kupima hoja zao.

Kuna sababu nyingine iliyofanya jina la Preuss lififie, na hii inauma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza chuki dhidi ya Wayahudi iliota mizizi kwenye vyama vya wapanda milima vya Austria na Ujerumani. Matawi mengi yaliwafungia Wayahudi milango, na mwaka 1924 tawi la Donauland la Vienna, ambalo ndilo lililokuwa limewapokea, lilifukuzwa kwenye chama kikuu. Preuss alikuwa amebatizwa Mprotestanti mwaka 1909, lakini wenye chuki hawakujali ubatizo, walijali damu. Enzi ya Wanazi haikuwa na nafasi ya kumsifu mpanda miamba bora wa kizazi chake ikiwa baba yake alikuwa Myahudi. Waliolitunza jina lake zaidi walikuwa Waitalia. Piaz, mpinzani wake mkuu, alijenga kibanda cha wapandaji chini ya minara ya Vajolet na kukiita kwa jina la Paul Preuss. Kiko pale mpaka leo.

Kisha akaja Reinhold Messner wa Tirol ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wapandaji walikuwa wamefikia kutoboa jiwe kwa keke na kuweka boliti mahali popote, hata pasipo na ufa, ili kupanda wima kama wanavyotaka. Messner aliandika kwa hasira kwamba kwa njia hiyo hakuna kisichowezekana tena, na mlima umeuawa. Hiyo ilikuwa hoja ya Preuss ya mwaka 1911, na Messner hakuficha alikoipata. Miaka michache baadaye wapandaji wa Yosemite huko Marekani waliacha misumari kwa sababu ya karibu na hiyo: kupigilia na kung'oa kulikuwa kunaharibu nyufa, na vipande vya chuma vinavyochomekwa na kutolewa kwa mkono vikachukua nafasi yake. Upandaji wa leo kwa sehemu kubwa umetenganisha zile kazi mbili za msumari. Chuma kinaruhusiwa kukukinga ukianguka, lakini ukikishika kujivuta, upandaji wako hauhesabiwi. Kwa namna fulani Preuss na Dülfer wote wameshinda nusu.

Watu wakitafuta mrithi wa Preuss humtaja Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda El Capitan, mwamba mkubwa wa Yosemite, bila kamba tarehe 3 Juni 2017, karibu mita 900 za ukuta. Ufanisi huo ni wa ajabu, lakini mfano haukai vizuri. Honnold aliirudia njia ile mara nyingi akiwa na kamba, akakariri kila kishikio, na alipofika juu alishuka kwa miguu kwa njia ya nyuma kama wafanyavyo wengine wote. Preuss aliingia ukuta wa Campanile Basso bila kuujua, na kwa kanuni yake mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kupanda hatua yoyote ambayo asingeweza kuishuka. Sharti hilo, katika miaka zaidi ya 100, ni wapandaji wachache mno waliokubali kujifunga nalo.